Lakini ya Asinati

Taa tatu ziliwaka kijani. Ya nne ilibaki kijivu, na Sikudhani aliigonga kwa ukucha kama watu wanavyogonga redio mbovu, ingawa alijua fika kwamba taa haikuwa na kosa. Kilichokataa ni kichwa cha Asinati.

"Bado?" akauliza Bi Subira.

"Bado, mama."

"Na hewa ya kule?"

"Inapungua."

Bi Subira Kitwana, mwenyekiti wa baraza la Mvuleni, alimimina chai ambayo hakuna aliyeiomba. Chai ilishuka kwenye kikombe taratibu, maana huku mwezini hata chai haina haraka. Mji wenyewe ulichimbwa chini ya mwamba, na waanzilishi wakauita Mvuleni, ingawa haujawahi kuota mvule hata mmoja na hautaota. Ndivyo watu walivyo: wakikosa kivuli, hujipa jina lake.

Asubuhi ile paa la mgodi wa barafu lilikuwa limeporomoka na kuwafungia watu wanane nyuma ya kifusi. Mmoja wao alikuwa Mrisho, mume wa Sikudhani. Njia ya kuwafikia ilikuwa moja tu, ushoroba wa zamani ambao haukutumika kwa miaka mingi na uliofungwa kwa mlango wa chuma. Mlango ukifunguliwa, hewa ya mji ingeingia, na waokoaji wangepita kukichimba kifusi kwa upande wake mwembamba. Lakini mlango wa namna hiyo, kwa sheria ya Mvuleni, haufunguliwi na mtu mmoja wala watatu. Hufunguliwa na vichwa vinne vilivyokubaliana.

Ndiyo maana watu wanne walikuwa wameketi kuizunguka meza, kila mmoja na shada lake kichwani. Shada lilikuwa utepe mwembamba wa madini uliosikiliza fikra za mvaaji na kuzipeleka kwa Mpatanishi, mashine ya baraza. Mpatanishi hakujali unachowaza njiani. Alisubiri fikra itue, kama mtu anayesubiri tope litulie mtungini, kisha akawasha taa: kijani kwa ndiyo, nyekundu kwa hapana. Fikra isiyotua ilipewa kijivu. Sikudhani hakuvaa shada. Yeye alikuwa msomaji, kazi yake kukaa mbele ya skrini na kuhakikisha kwamba mashine inawaelewa binadamu.

Na aliipenda kazi hiyo kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

Chuoni wasomaji walifundishwa jambo moja kabla ya mengine yote. Fikra ya ndani, ile inayopima jambo kwa mizani yake yenyewe bila kuuliza majirani wanasemaje, kila mtu anayo. Tofauti ni nafasi inayopewa nyumbani. Kwa mmoja ndiyo mwenye nyumba. Kwa mwingine ni mke wa mwenye nyumba, hashiki usukani lakini bila ushauri wake haliendi jambo. Wapo ambao kwao ni mtoto wa tatu, hukumbukwa pakiwa na kazi ya kutumwa. Na wapo ambao kwao ni mgeni aliyelazwa chumba cha uani, anayeona haya hata kuomba maji ya kunywa.

Sikudhani mwenyewe alikuwa wa mtoto wa tatu, na hakuona aibu. Kwa Bi Subira fikra hiyo ilikuwa kule uani kabisa. Mama wa watu aliongoza mji kwa moyo, na aliuongoza vizuri. Mwasaru, wakili kijana mwenye asili ya Taita, alikuwa nayo kama mke mshauri: yeye alitoka na hoja barabarani, akazungumza na kila mtu, kisha akairudisha nyumbani ipimwe. Kombo Vuai, fundi mkuu wa milango, alikuwa nayo kama mwenye nyumba, ila iliishi vidoleni. Kwenye skrini ungeiona ikitelemka kutoka kichwani hadi mkononi, na huko ikabaki.

Halafu Asinati Mwakalinga, mhandisi wa hewa.

Mwaka wa kwanza aliposoma kichwa cha Asinati, Sikudhani alisahau kula. Mwanamke yule alijenga wazo kama watu wanavyojenga nyumba, chumba kwa chumba, kisha akakuta dirisha moja halifungi sawasawa, na akaibomoa nyumba yote bila kinyongo. Akaanza tena. Hakutafuta kushinda wala kusifiwa. Alitaka tu kila kipande kikae na chenzake bila kulazimishwa. Nje, uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesubiri zamu kwenye foleni ya mkate.

Sasa alikuwa ameketi hivyo hivyo, macho ameyafumba, mikono mapajani. Na taa ilikuwa kijivu.

*

"Hebu ngojeni," akasema Mwasaru. "Tuseme hatakubali. Tunafanya nini?"

"Atakubali," akajibu Bi Subira. "Asinati mwanangu, watu wanane. Unanisikia?"

Asinati hakusikia, au alisikia akaweka kando. Kombo alikuwa akijisugua kiganja cha mkono wa kulia. Wote watatu walikuwa wamekwisha sema ndiyo, taa zao zilikuwa kijani tangu zamani, na uvumilivu ulikuwa umeanza kuwaishia.

Bi Subira akasogea karibu na skrini. Alimshika Sikudhani bega, na mkono wake ulikuwa na joto la kikombe.

"Mkamue," alinong'ona.

Sikudhani alikuwa amelitarajia neno hilo. Kwenye kila meza ya msomaji kulikuwa na kitufe cheupe, na sheria ilikiruhusu wakati wa hatari. Ukikibonyeza, Mpatanishi alilikamua wazo ambalo halijatua, akalifanya lijibu pale pale lilipofikia. Jibu ulilipata mara moja. Aliyekamuliwa ndiye aliyelipa. Uzi wa fikra ukikatwa hivyo haukuungika upesi, na wakati mwingine haukuungika kabisa. Mzee Lwitiko, aliyewahi kuwa bingwa wa mahesabu ya umeme, alikamuliwa mara mbili mwaka wa moto mkubwa. Siku hizi alikuwa akianza kupanga karata mezani, akifika katikati anasahau alitaka kucheza nini, na anamtabasamia kila anayepita.

"Mama, ni Asinati huyu."

"Najua ni nani. Nimemlea tangu alipokuja hapa na sanduku moja. Dhambi nitaibeba mimi." Bi Subira akalikaza bega. "Mumeo yuko kule, Sikudhani. Unataka nikuzikie mume kwa sababu ya taa moja?"

Na hapo ndipo ilipomuuma, kwa sababu alitaka kubonyeza. Tusimpambe. Alimpenda Asinati na alikiheshimu kichwa chake kuliko kitabu chochote, lakini Mrisho alikuwa gizani, akivuta hewa ambayo watu wengine saba walikuwa wakiivuta pia. Alinyoosha kidole. Kitufe kilikuwa baridi. Asinati alifumbua macho, akakitazama kidole hicho, kisha akayafumba tena.

Waya wa simu wa mgodini ukalia.

Sikudhani aliunyakua kwa mkono mwingine. "Mrisho! Mko salama?"

"Salama kabisa, mke wangu!" Sauti ilikwaruza lakini ilikuwa yake. "Sisi wazima wa afya, hamna shida. Lakini—"

Mstari ukakatika. Mpatanishi, aliyeukata, akaandika kwenye skrini kwa herufi kubwa: MGODI, SALAMA.

Sikudhani alibaki akilitazama neno lile. Kidole chake bado kilikuwa juu ya kitufe. Akaurudisha mstari kwa nguvu, bila kuomba ruhusa ya mashine.

"Lakini nini? Mrisho, lakini nini?"

"Lakini Chande amevunjika mguu. Na Mama Fidea hajazinduka. Na huku baridi imezidi, na masikio yanatuuma sote kama mtu anatuchoma sindano. Ila usijali, sisi tuko salama."

Ndivyo tulivyo, nani asiyejijua? Mtu amefiwa, ukimuuliza habari za nyumbani anakwambia nzuri. Utauliza za watoto, nzuri. Za kazi, nzuri. Mpaka salamu ziishe na makalio yapate kiti, ndipo anashusha pumzi na kusema: lakini jana tumemzika baba. Si uongo huo. Ni heshima, ni kumwacha mwenzako aingie ndani kwanza kabla hujampakulia msiba. Mpatanishi alijifunza kuwaelewa watu kwa kusikiliza mazungumzo ya Mvuleni miaka na miaka, na mwanzoni alikuwa na subira ya kutosha. Kisha baraza lililalamika kwamba mashine inachelewa, mafundi wakaipunguza subira, na tangu hapo ikawa inachukua jibu la kwanza na kufunga mlango.

Jibu la kwanza la mtu mstaarabu, siku zote, ni salama.

Sikudhani aliziangalia zile taa tatu za kijani, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi zilimtisha kuliko ile ya kijivu. Akaondoa kidole.

"Vueni mashada," akasema.

*

"Umerukwa na akili?" Mwasaru alisimama. "Watu wanakosa hewa!"

"Ndiyo maana nasema upesi. Vueni. Kaka Kombo, habari za mlango?"

Kombo alishangaa kuulizwa kama mtu aliyekutana naye dukani. "Salama."

"Na komeo lake?"

"Salama vilevile."

Sikudhani alimsubiri, kama unavyomsubiri mgeni amalize chai. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya maishani, maana kila pumzi aliyovuta aliiona imetoka kifuani kwa Mrisho.

Kombo akatazama kiganja chake. "Lakini huu mkono umekataa."

"Umekataa nini?"

"Sijui kusema, dada, mie si mtu wa kusema. N'lilishika lile komeo asubuhi. Siku zote huwa legevu, waweza kulisukuma hata kwa kidole kimoja. Leo lavutwa. Kama vile yuko mtu upande wa pili kalishikilia."

"Na kwa nini ulikubali?"

"Kipimo cha hewa chasema pande zote mbili presha ni sawa. Mimi na kipimo, nani msomi?"

Mwasaru alikuwa bado amesimama, lakini hasira ilikuwa imemtoka usoni, na mahali pake pakaingia ile furaha ya mtu aliyeona hoja inapita barabarani. "Hebu hebu. Kipimo hicho hicho. Mimi nilikubali kwa sababu sikupata hoja ya kukataa. Lakini hata ya kukubali sikuwa nayo! Nimekitazama tangu tuingie humu, na namba yake haijatikisika. Paa limeanguka, ardhi imetetemeka, mgodi umepasuka, na kipimo kinasema lile lile. Mimi hata nikilala nageuka. Kitu ambacho hakitikisiki kabisa ama ni cha kweli sana au kimekufa."

"Mama?" Sikudhani akageuka.

Bi Subira alikuwa ameketi. Shada alikuwa amelishika mapajani kama kitambaa cha kufumia, na machozi yalimtoka waziwazi.

"Mimi nilikubali kwa ajili yako," alisema. "Niliuona uso wako tu. Sikupima kitu. Nani atapima na wewe umekaa hapo unatetemeka?" Akajifuta. "Lakini..."

Wote walimwona akiona haya, mwanamke huyu aliyewahi kukemea meli nzima ya wageni bila kupepesa. Sikudhani alijua anachokiona. Alikuwa mgeni wa uani anayechungulia mlangoni, hana hakika kama anaruhusiwa kuingia sebuleni.

"Sema, mama. Tunakusikiliza."

"Ni jambo la jikoni. Mtanicheka. Mimi chai ya moto siimwagi yote mara moja kwenye gilasi baridi. Huipasua. Namimina kidogo, nasubiri gilasi ipate joto, naongeza. Sasa nikawa najiuliza huu mlango kwa nini tuufungue wote kwa mkupuo. Basi."

Hakuna aliyecheka. Na hapo Asinati akafumbua macho.

"Rudia hilo, mama."

"Lipi?"

"La gilasi."

Bi Subira akarudia. Asinati alisikiliza huku ameinamisha kichwa upande, na Sikudhani, asiyekuwa na skrini ya kumsoma sasa, aliona kwa macho yake kile alichokuwa akikiona kwa mashine. Alikiona kikipita usoni mwa rafiki yake: vyumba vikijengwa, kimoja juu ya kingine, na safari hii hakuna dirisha lililogoma. Alifurahi kwamba dunia ina watu wa namna hii, na kwamba yeye amejaliwa kukaa nao meza moja.

"Kipimo kimeganda," Asinati alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu, kama anasoma bei ya unga. "Ushoroba umevuja, hewa haimo, au imebaki kidogo. Ndiyo maana komeo linavutwa, na ndiyo maana wenzetu masikio yanawauma. Hewa yao inapenya kwenye kifusi kuingia ushorobani. Tungefungua mlango, hewa ya huku ingeingia kwa kishindo, na kifusi kingewaangukia. Wote."

Mwasaru akakaa kitini.

"Kuna mrija mdogo wa kupimia juu ya mlango," Asinati akaendelea. "Tuujaze ushoroba kwa mrija huo, kidogo kidogo, kama gilasi ya mama. Kipimo tusikitazame. Kombo atashika komeo. Mkono wake ndio kipimo. Likilegea, tunafungua."

"Itachukua muda," alisema Kombo.

"Itachukua. Hewa yao itatosha wakilala chini na wasizungumze." Akamgeukia Sikudhani. "Mwambie Mrisho anyamaze."

"Hilo ndilo gumu kuliko yote," Sikudhani akasema, na hapo hapo akacheka na kulia pamoja.

*

Vichwa vinne vilikuwa vimekubaliana, na mrija uliimba sauti nyembamba. Kombo alisimama mbele ya mlango wa chuma, kiganja kimelala juu ya komeo, macho ameyafunga. Waokoaji walijipanga ukutani na machepe yao. Kila mara mtu mmoja alishindwa kujizuia akauliza, na kila mara Kombo alijibu neno lile lile.

"Bado."

Kutoka mgodini hakukuja sauti. Sikudhani alijikumbusha kwamba ndivyo alivyowaagiza. Alijikumbusha tena. Bi Subira alikuwa amemshika mkono, safari hii bila kumwomba kitu. Asinati alikuwa amekaa kwenye sanduku la vifaa, ameegemeza kisogo ukutani. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa kama mtu aliyekwisha fika.

Kombo akafumbua macho.

"Limelegea," alisema, na akalisukuma kwa kidole kimoja.

Waliingia mbio. Walichimba kwa machepe, kisha kwa mikono, na kifusi kikakaa mahali pake kama kilivyoambiwa. Wa kwanza kutoka alikuwa Mama Fidea, amebebwa mgongoni, akikohoa. Kikohozi kile kilikuwa kitamu kuliko kaswida. Chande alitoka akitukana mguu wake. Mrisho alitoka wa mwisho, midomo imepauka, akitii amri ya kunyamaza hata baada ya kupita mlangoni, na Sikudhani akaushika uso wake kwa mikono miwili mpaka akaamini.

Baadaye, watu walipokuwa wakinyweshwa uji, alimkuta Asinati palepale kwenye sanduku la vifaa. Hakuna aliyekuwa amemfuata kumshukuru. Mji mzima ulikuwa unamkumbatia Kombo, na Mwasaru alikuwa akieleza jinsi ilivyokuwa kwa kundi la tatu. Asinati hakuonekana kujali.

"Dada," Sikudhani akasema. "Nilitaka kukukamua."

"Nilikiona kidole."

"Mbona hukunikataza?"

"Nilikuwa nafikiri."

Alilisema bila lawama, kama jibu linalotosha. Kulikuwa na jambo lililokuwa likimsumbua Sikudhani tangu komeo lilegee, na alilisema ili kujifariji kidogo. "Lakini hata ningekukamua, ungesema hapana. Si ulikuwa unakataa muda wote? Tungewaokoa tu, ila wewe ndiye ungeumia."

Asinati akalifikiria. Hata hilo alilifikiria. Sikudhani alimsubiri.

"Hapana," alisema mwishowe. "Sikuwa nakataa. Nilikuwa nakwenda na kurudi. Pale ulipoweka kidole nilikuwa nimerudi kwenye ndiyo, kwa sababu kipimo kilikuwa kinasema ni sawa na sikuwa na kitu mkononi cha kukipinga. Ungebonyeza saa ile, ungepata ndiyo yangu."

Nyuma yao mtu aligonga kijiko kwenye bakuli. Watu wanane walikuwa wakinywa uji. Sikudhani aligeuka akawahesabu mmoja mmoja, na Asinati, aliyekuwa amekwisha rudi ndani ya kichwa chake, akasogea kidogo kumpisha kwenye sanduku.

"Kaa," alisema. "Ila usinisemeshe. Bado sijaelewa kile kipimo kiligandaje."

Sikudhani akakaa kando yake, akanyamaza.